Tembo Aliyepungua Uzito

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatano, Inspekta Josephina Sikazwe alimimina sarafu tano kwenye karatasi nyeupe mezani kwake, akazipanga mstari kwa ncha ya kalamu. Hakuzigusa kwa mkono. Nne zilikuwa rupia za fedha za enzi za Mjerumani, upana wake kama kifuniko cha soda, nyeupe kwa kung'aa. Ya tano ilikuwa ndogo, ya njano, na juu yake alisimama tembo aliyeinua mkonga.

Sarafu hizo zilitolewa Jumapili jioni kwenye bakuli la bati, nyumbani kwa Mwalimu Felisiani Nsokolo, mtaa wa Nsemulwa. Mwalimu alikuwa mstaafu wa miaka sabini na minane aliyewafundisha jiografia nusu ya watu wazima wa Mpanda. Alikutwa amekaa kitini, kichwa kimelala mezani, bakuli mbele yake na kikombe cha chai pembeni. Bakuli lilikuwa na maji yaliyotiwa dawa, na masalia ya dawa hiyohiyo yalikuwa kwenye kikombe. Daktari aliyempasua Jumatatu hakusubiri majibu ya mkemia. Alisema kwa rangi ya ule mwili, hii ni sayanaidi, dawa inayotumika kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, na kwamba aliyeinywa hapati nafasi ya kuinuka.

Mjini kulikuwa na maelezo mawili. Ya kwanza yalianzia msibani. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Respicius Kalyalya, ambaye alikuwa mwanafunzi wa marehemu na naye ni mkusanyaji wa sarafu, aliwaeleza watu kwamba zamani huko ng'ambo wapo wakusanyaji waliokufa hivyohivyo. Mtu anaosha sarafu zake kwa dawa kali, anasahau kikombe kipi ni cha nini, anakunywa. Watu walitikisa vichwa, wakasema mzee alikuwa na macho mabovu.

Ya pili yalikuwa ya mkuu wa upelelezi. Yeye aliuliza swali moja tu: dawa hiyo haiuzwi dukani, nani alimletea? Kufikia Jumanne saa sita mchana alikuwa na jibu. Emelyne, mwanamke wa Katumba aliyemtunza mzee kwa miaka kumi na moja, alikuwa na mpwa anayefanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjulia. Na miaka kadhaa iliyopita Emelyne huyohuyo alimuuzia sonara rupia iliyotoka kwenye mkusanyiko wa mzee. Alikamatwa jikoni akipika chakula cha waombolezaji. Masaa matatu baadaye mzee alizikwa.

"Hati ya mashtaka inatakiwa saa sita," alisema Sajenti Deo, akiweka mafaili mezani. Deo alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu na hakuwa na haraka na jambo lolote. "Mkuu anasema iandikwe mauaji."

Josephina aliyasogeza mafaili pembeni. Kosa la mauaji halina dhamana. Jalada likishafika mahakamani, Emelyne angeenda mahabusu ya gereza akasubiri upelelezi ukamilike, na Josephina aliwajua watu waliokuwa wakisubiri mwaka wa tatu.

"Nenda kwenye huo mtambo," alisema. "Nataka kujua mpwa anafanya kazi gani, na stoo ya dawa inafungwa na nani. Halafu pitia kwa watu wa simu, waambie ile orodha ya simu za marehemu naitaka leo."

Deo alipotoka, Josephina alivuta daftari la jalada jeusi lililochukuliwa kwenye kabati la Mwalimu. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Kila sarafu ilikuwa na ukurasa wake: namba, jina, uzito, upana, alama, ilikotoka. Ukurasa wa kwanza kabisa haukuwa na sarafu. Uliandikwa hivi:

*Mwaka 1998 niliosha rupia moja kwa ndimu na majivu. Iling'aa. Baadaye mzungu wa makumbusho aliiona akaniambia nimeiua. Sarafu haisuguliwi, haioshwi. Ule weusi ndio umri wake. Sitarudia.*

Josephina alisoma mara mbili, akaziangalia zile rupia nne zilizokuwa zinametameta kwenye karatasi.

Akafunua namba kumi na saba. *Rupia 15, Tabora 1916. Dhahabu. Tembo. Gramu 7.1. Milimita 22.2. Mkwaruzo mfupi chini ya tumbo la tembo: babu alikwaruza kwa msumari akitaka kujua kama ni dhahabu kweli.* Chini yake kulikuwa na safu ya vipimo, kimoja kila mwezi wa tano, mwaka baada ya mwaka. 7.1. 7.1. 7.1. Karibu na mwisho wa safu kulikuwa na mstari mmoja wa Februari mwaka huu: *Imeazimwa na R. Kalyalya kwa wiki moja, kupigwa picha. Imerudi ikiwa ndani ya mfuko wake.* Na saini mbili.

Kipimo cha mwisho kiliandikwa Ijumaa, siku moja kabla ya kifo. 3.9. Kilipigiwa mistari miwili chini yake. Hakukuwa na neno jingine.

Josephina hakukimbilia kuamini. Mwalimu alikuwa na kisukari, na daktari aliandika kwamba vidole vyake vilikuwa na ganzi. Mzee wa namna hiyo angeweza kukosea kusoma mizani. Alizirudisha sarafu kwenye mfuko, akaenda chumba cha mahojiano.

Emelyne alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na nane. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kitenge chake bado kina alama za majivu ya jikoni.

"Mama Emelyne," alianza Josephina, "nitakuuliza mambo ambayo pengine umeshaulizwa."

"Sijaulizwa kitu, afande. Nimeambiwa tu."

"Basi mimi nauliza. Jumamosi uliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Nilienda kwetu Katumba, tulikuwa tunachambua tumbaku ya mdogo wangu. Mwalimu nilimwachia chai kwenye chupa na viazi vya kuchemsha."

"Ukarudi Jumapili."

"Saa kumi na moja jioni. Niliingilia mlango wa jikoni."

"Uliona nini kabla hujamwona yeye?"

Emelyne alifikiri. "Kikombe."

"Kile cha mezani?"

"Hapana. Cha jikoni. Kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa kwenye sinia. Nikasema moyoni, leo kumetokea nini? Mwalimu hajawahi kuosha kikombe tangu nimjue. Akimaliza anakiacha hapohapo, hata nzi wajae."

"Na chupa ya chai?"

"Tupu. Ile chupa humtosha siku mbili. Yeye ni kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, bila sukari."

"Kwa hiyo alikuwa na mgeni."

"Mimi sijui, sikuwepo. Nasema nilichokiona. Nilimwambia aliyekuja kunikamata, akanijibu nitamwambia hakimu."

Josephina aliandika, akapindua ukurasa. "Sarafu zake alikuwa anaziosha kwa dawa gani?"

Emelyne alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Haoshi."

"Hata mara moja?"

"Afande, nikwambie. Mwaka wa kwanza nilipoingia kwake nilikuta rupia moja iko mezani nyeusi, mbaya. Nikasema ngoja nimfurahishe mzee. Nikachukua majivu na kitambaa nikaisugua mpaka ikawa kama kijiko kipya. Aliporudi akaiona. Hakunigombeza. Siku mbili hakusema na mimi. Siku ya tatu akaniita, akanipa ile rupia, akasema, 'Emelyne, hii sasa ni yako. Kwenye daftari langu haina kazi tena.' Hiyo ndiyo niliyomuuzia sonara, dada yangu alipougua. Na Mwalimu mwenyewe aliniandikia karatasi, ili nisije nikaitwa mwizi."

"Karatasi iko wapi?"

"Sonara aliibakiza."

Josephina alifunga daftari lake. Alipofika mlangoni Emelyne aliuliza, bila kugeuza kichwa, "Mazishi yalikwenda vizuri?"

"Yalikwenda."

"Haya."

Abednego sonara alikuwa na banda nyuma ya soko, dogo kiasi kwamba mteja alisimama nje. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kiti kilichokatwa miguu, sikio la kulia halisikii. Wachimbaji wadogo walimwamini kuliko mizani za madalali, na Josephina alikuwa ameshamtumia mara mbili kwenye kesi za dhahabu bandia.

Kwanza alimwomba karatasi ya Emelyne. Abednego hakuuliza sababu. Alifungua kopo la maziwa, akatoa rupia moja iliyofungwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hakuna aliyeitaka," alisema. "Wakusanyaji wakiiona wanacheka. Imesuguliwa mpaka sura ya Kaisari imebaki pua."

Kwenye karatasi iliandikwa: *Sarafu hii nimempa Emelyne iwe mali yake. F. Nsokolo.* Herufi zilisimama wima. Josephina aliilinganisha na daftari, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Nguzo moja ya kesi ya mkuu wake ilikuwa imeanguka, na ilikuwa bado saa mbili na nusu.

"Sasa niangalizie hizi," alisema, akimwekea zile tano kwenye kitambaa.

Abednego alivaa lenzi jichoni. Alianza na zile za fedha. Alizigeuza taratibu, akishika ukingoni tu.

"Hizi zilikuwa nyeusi hadi juzi," alisema.

"Umejuaje?"

"Tazama kwenye mashimo ya herufi, weusi bado umo. Fedha ya kale huwa na ngozi. Hizi zimechunwa ngozi. Halafu ziliachwa kwenye dawa masaa mengi, ona hapa zilivyoanza kuwa kama zimeumwa." Alizipima moja moja. "Ni halisi, lakini. Zote nne ni zenyewe. Na aliyezifanya hivi hakuzipenda."

Aliichukua ya tembo. Kabla hajaiweka jichoni alishakunja uso, akaipimapima kiganjani.

"Nani amekwambia hii ni dhahabu?"

"Bado hajaniambia mtu."

Aliiweka kwenye mizani. 3.9. Akachukua kalipa, kile kibanio cha kupimia upana, akaibana. "Milimita ishirini na moja na nukta tisa. Ile ya kweli?"

"Ishirini na mbili na nukta mbili."

"Basi. Mtu amechukua ile ya kweli, amekandamiza kwenye udongo wa kufinyangia, akamimina shaba ya njano iliyoyeyuka. Shaba ikipoa hunywea kidogo. Ndiyo maana mtoto ni mdogo kuliko mama." Alimpa Josephina lenzi. "Angalia ukingoni. Unaona mstari mwembamba unaozunguka? Hapo ndipo nusu mbili za udongo zilikutana. Sarafu ya kugongwa kwa mashine haina mstari huo. Na hivi vitobo vidogo kwenye mgongo wa tembo ni hewa."

Alisugua ukingo wa sarafu kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la tindikali kwenye mchirizi. Mchirizi ulitoa povu la kijani, ukatoweka.

"Ilipakwa maji ya dhahabu juu," alisema. "Lakini hapa kwenye sikio na hapa kwenye goti yameshatoka. Dawa ya kwenye bakuli imeyala. Hiyo ndiyo dawa inayokula dhahabu kwenye mchanga, Inspekta. Mtu anayeijua dhahabu hawezi kutia sarafu ya dhahabu humo. Labda awe anataka iliwe."

Josephina aliinama na lenzi. Chini ya tumbo la tembo, mahali palepale palipoandikwa kwenye daftari, palikuwa na mkwaruzo mfupi.

"Huu mkwaruzo umewekwa kwa mkono?" aliuliza.

"Hapana. Kingo zake ni butu, umemiminwa pamoja na vyote. Ulikuwepo kwa mama, umetokea kwa mtoto."

Josephina alimrudishia lenzi. Sarafu ya bandia iliyobeba kovu la ile ya kweli ilikuwa imetokana na ileile ya Mwalimu. Aliyeitengeneza hakufanya kwa picha. Alikuwa nayo mkononi, siku moja au zaidi, na tanuri la kuyeyushia. Na Mwalimu hakukosea kusoma mizani.

"Mzee Abednego, nikuombe hiyo mizani mpaka saa sita."

"Chukua. Usiidondoshe."

Deo alimkuta kituoni saa tatu na dakika arobaini. Alikaa kwanza, akajifuta jasho, ndipo akafungua kijitabu.

"Mpwa wa Emelyne ni mlinzi wa geti. Haruhusiwi hata kupita uzio wa pili. Stoo ya dawa ina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao mtunza stoo, mwingine meneja. Mtunza stoo yuko likizo kwao tangu wiki mbili zilizopita, kaacha wake kwa meneja."

"Meneja nani?"

"Respicius Kalyalya. Wana pia chumba cha kupimia sampuli, kina tanuri dogo." Akatoa karatasi mbili. "Na hizi ni simu za marehemu. Ijumaa saa kumi jioni alimpigia mtu mmoja tu, dakika nne. Namba ni ya huyohuyo Kalyalya."

Josephina alitafuta kwenye faili karatasi ya maelezo ya mwenyekiti wa kamati ya mazishi, iliyochukuliwa Jumatatu. *Mara ya mwisho kuwasiliana na marehemu ilikuwa mwezi wa pili.*

"Mpigie," alisema. "Mwambie naomba msaada wa mtaalamu wa sarafu. Na aje kwa heshima, usimtishe."

Respicius Kalyalya alifika saa nne na nusu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alimpa Deo pole ya kazi, akampa Josephina pole ya msiba kana kwamba ulikuwa wa wote.

"Mwalimu alinifundisha kidato cha pili," alisema akikaa. "Sarafu ya kwanza niliyowahi kumiliki alinipa yeye, senti moja yenye tundu. Nikiweza kusaidia, nitasaidia."

"Nashukuru. Jalada linakwenda mahakamani saa sita, na hakimu atataka kujua vilivyokuwa kwenye bakuli ni nini. Sisi hapa hatuvijui." Josephina alimsogezea kitambaa chenye sarafu tano, lenzi, na mizani ya Abednego. "Nithibitishie tu kama ni za kweli. Moja moja."

Respicius alivuta kiti karibu. Mikono yake ilibadilika mara moja, ikawa myepesi. Alichukua rupia ya kwanza kwa ukingo, akaipima, akaiangalia pande mbili, akasema mwaka wake. "Halisi. Gramu kumi na moja na nusu, imepungua kidogo kwa dawa." Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu aliigeuza mara nyingi zaidi, akaeleza kwamba kuna za bandia nyingi za mwaka ule, akaipima mara mbili. "Halisi." Ya nne akaipima. "Halisi."

Aliichukua ya tembo. Akaiweka chini ya lenzi, akaitazama kwa utulivu, akairudisha kwenye kitambaa.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Tembo wa Tabora. Iligongwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, Wajerumani walipoishiwa pesa. Inasikitisha kuiona katika hali hii."

"Una hakika ni ile ya Mwalimu?"

"Kabisa. Angalia chini ya tumbo, kuna mkwaruzo. Babu yake ndiye aliyeukwaruza. Hakuna nyingine duniani yenye mkwaruzo huo."

Josephina aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, akamwomba atie saini. Respicius alitia.

"Hii hukuipima," alisema Josephina.

"Samahani?"

"Zile nne umezipima zote. Moja umeipima mara mbili. Hii ya dhahabu, ambayo ndiyo ya thamani kuliko zote, hukuipima."

"Naijua, Inspekta. Nimeishika mara nyingi."

Josephina aliichukua kwa koleo dogo, akaiweka kwenye mizani, akaigeuza ili asome. Respicius aliangalia namba, akavuta pumzi kidogo.

"Dawa," alisema. "Sayanaidi inakula dhahabu, ndiyo kazi yake. Ikikaa humo siku nzima lazima ipungue. Ndiyo maana niliwaambia watu msibani, mzee hakujua anachokifanya."

"Kutoka gramu saba hadi tatu na nukta tisa."

"Inawezekana."

"Na ikabaki na mkwaruzo wake, na mkonga, na maandishi yote."

Respicius aliisogeza mizani pembeni.

Josephina alifunua daftari jeusi, akaliweka mbele yake kwenye ukurasa wa kumi na saba. "Mwalimu aliipima Ijumaa. Kabla ya bakuli, kabla ya dawa. Soma mwenyewe, mwandiko wake unaujua. Saa kumi jioni ya siku hiyo alikupigia, mkazungumza dakika nne. Sisi ulituambia hamjawasiliana tangu mwezi wa pili." Alisubiri. "Hiyo sarafu ni shaba. Ilimiminwa kwenye udongo uliokandamizwa kwa ile ya kweli, na umetia saini sasa hivi kwamba mkwaruzo huo uko kwenye sarafu moja tu duniani. Iliwahi kutoka nyumbani kwa Mwalimu mara moja, na saini ya aliyeiazima ni hii hapa."

Sajenti Deo, aliyekuwa amesimama dirishani, alikuja akakaa kando ya mlango.

"Nina haki ya wakili," alisema Respicius.

"Unayo. Na haki ya kunyamaza unayo. Deo, mwandikie kwamba ameelezwa." Josephina alitazama saa ya ukutani. "Wakati unamsubiri wakili, kuna mwanamke mle ndani ambaye ninyi mlizika mtu wake jana bila yeye. Saa sita anapelekwa kusomewa shtaka lako."

Nje mtu alikuwa akiuza karanga, akipita na kurudi. Respicius alikuwa akiangalia zile sarafu, si Josephina. Kisha alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kijibahasha cha karatasi ya khaki, akakiweka mezani kwa uangalifu mkubwa.

Josephina alikifungua kwa koleo. Sarafu ya ndani ilikuwa ya njano iliyofifia, ina wekundu kidogo kwenye mabonde, na uchafu mwembamba umelala kwenye mikunjo ya ngozi ya tembo. Aliiweka kwenye mizani.

"Saba nukta moja," alisoma Deo.

"Ulikuwa nayo mazishini?" aliuliza Josephina.

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaipeleka makumbusho ya Dar es Salaam. Aliniambia Januari, amefurahi kama mtoto. Ingewekwa nyuma ya kioo, watu wapite wanaangalia simu zao." Sauti yake haikupanda. "Miaka thelathini nimemsikiliza akinieleza habari za sarafu hii. Watoto wake hawakuitaka hata kuiona. Mimi ndiye niliyeijua."

"Ijumaa alikuambia nini?"

Respicius alisugua paji la uso. "Alisema anajua. Alisema niirudishe Jumatatu, tutakunywa chai, na yataisha. Hatamwambia mtu."

Deo aliacha kuandika.

"Kwa nini hukuirudisha?" aliuliza Josephina.

"Ningemtazamaje?"

Ndilo lililokuwa jibu lake, na baadaye mbele ya wakili hakuongeza jingine. Josephina alifunga bahasha kwa lakiri, akaandika saa na tarehe, akatia saini, akampa Deo naye atie. Alipanda ghorofani akamwekea mkuu wake mezani karatasi ya maelezo yenye saini, daftari jeusi na orodha ya simu. Mkuu alisoma zote kimyakimya, akauliza kama funguo za stoo zimekamatwa. Josephina akamwambia zimekamatwa. Mkuu akachana ile hati iliyokuwa na jina la Emelyne, akaomba fomu nyingine.

Saa sita kasoro dakika kumi Emelyne alisimama kaunta akirudishiwa vitu vyake: simu yenye kioo kilichopasuka, kanga, ufunguo wa mlango wa jikoni wa Nsemulwa. Josephina alimweleza kwa maneno machache nani alifanya nini, na kwamba ataitwa kuwa shahidi. Emelyne alisikiliza mpaka mwisho.

"Respicius," alisema. "Nilimpikia wali pale kwenye msiba. Aliniambia nisilie sana, nitaumwa kichwa."

"Utaletewa karatasi ya kuitwa. Usiogope ukiiona."

"Nani alimvalisha Mwalimu?"

"Binti yake, Getrude. Alikuja na basi la Sumbawanga Jumatatu."

"Alimvalisha sweta lake la kijani?"

Josephina alikuwa amepitia picha za mazishi. "Suti nyeusi."

"Hakupenda suti," alisema Emelyne. Alijifunga kanga kiunoni, akakaza fundo. "Afande, Katumba nitakwenda kesho. Leo naomba nionyeshwe alipo."

Waliondoka na gari la kazi, Deo akiendesha. Makaburi yalikuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kasokola, na kaburi jipya lilionekana kutoka mbali kwa maua yake ya plastiki. Emelyne alishuka mwenyewe. Josephina alibaki kwenye kiti cha mbele na fomu ya mahabusu mapajani, akitaka kuijaza.

Emelyne hakulia. Aliyasogeza maua pembeni, akakaa chini kwenye udongo mbichi, miguu ameinyoosha kama anavyokaa mtu aliyefika kwake. Kisha akaanza kuongea, sauti ya kawaida, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, Josephina alisikia. Alimwambia kwamba tumbaku imetoka nzuri mwaka huu, daraja la kwanza karibu nusu. Alimwambia mdogo wake anamsalimu. Alimwambia alichelewa Jumapili kwa sababu pikipiki ilipata pancha, na kwamba viazi alivyomwachia alivikuta havijaguswa.

Deo alinyoosha mkono, akazima injini.